Habari za Bwana Charles Stokes, Mfanya Biashara

Katika kitabu cha jubilii imetupasa kuwakumbuka waliofungua njia za Injili pande hizi za Ziwa. Lakini mmoja wao husahauliwa, kwa kuwa aliiacha kazi hiyo akashika mizani. Huyo ni Charles Henry Stokes. Sisi twaona si haki kumnyamazia, maana wengi wa wamisionari wa kwanza waliokwenda Uganda walisafiri katika misafara yake.

Alizaliwa Dublin, nchi ya Ireland, mwaka 1852. Mwaka 1878 alifika Unguja, ametumwa na chama cha CMS, naye hakuwa padre. Siku zile hapakuwa na reli. Kila mzigo, kama ni vitabu au dawa au chuma cha mashua, ulichukuliwa na mpagazi tangu pwani. Wala fedha haikufaa kitu huko bara. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, yaani merikani na kaniki, na kwa shanga na waya. Kila mtemi alidai hongo yake kwa nguo, na msafara ulioishiwa nguo ulilala njaa. Ndivyo ilivyokuwa hata katika njia ya Karagwe, iliyopita Usui, nchi yetu hii ya Biharamulo. Stokes aliijua sana hesabu hiyo, akapatana vema na wapagazi wa Kinyamwezi, watu ambao Wazungu wengi hawakuweza kuwaongoza. Mwaka 1882 alikuwamo katika msafara wa Padre Hannington, yule aliyeuawa Busoga mwaka 1885 akiwa Askofu.

Mwaka 1883 alimwoa Ellen Sherratt huko Unguja. Mwaka uliofuata mkewe akafa Mpwapwa, baada ya kujifungua mtoto wa kike. Kisha, mwaka 1885, akamwoa Limi, mwanamke wa ukoo wa Mitinginya, mtemi wa Usongo katika Unyamwezi. Kwa sababu hiyo akaachana na chama chake, akawa mfanya biashara ya pembe za ndovu.

Wako wanaomhukumu kwa ndoa hiyo peke yake. Sisi twadhani neno zito zaidi ni bunduki. Maana nguo zilinunua chakula, lakini wenye pembe walitaka silaha na baruti, naye akawauzia. Na silaha hizo hazikuwaua ndovu tu.

Biashara ikamwingiza katika mambo ya wafalme. Kabaka Mwanga alikuwa ameondolewa katika enzi mwaka 1888, akakimbilia kusini ya Ziwa, akapokewa na Mapadre Weupe wa Bukumbi. Mwaka 1889 Stokes akampakia katika mashua yake pamoja na bunduki, akamrudisha Buganda kwa Wakristo waliokuwa wakimngoja. Vita vilikwenda mbele na nyuma, hata mwaka 1890 Mwanga akakaa imara. Mwaka huo huo Stokes akaingia katika utumishi wa Wadachi, akafanya mapatano na watemi kwa ajili yao. Tazama basi: Mwingereza kwa uraia, mkwe wa Wanyamwezi, mtumishi wa Wadachi!

Baadaye pembe zikapungua upande wetu, akaelekea Kongo. Huko Dola ya Mfalme Leopold ilizitaka pembe ziwe zake, tena ilikuwa ikipigana na Waarabu. Kapteni Lothaire alisikia kwamba Stokes amewapelekea adui zake silaha, naye alikuwa akienda kuonana na Kibonge, mmoja wa wakuu wao. Akatuma askari, wakamkamata hemani mwake pasipo vita. Alihukumiwa upesi, wala hakupewa ruhusa ya kukata rufani, ingawa hakuwa askari. Tarehe 15 Januari 1895 akanyongwa juu ya mti.

Alikuwa na kosa? Kuuza baruti aliuza, wala hatumtetei katika hilo. Lakini aliyemhukumu ndiye aliyekuwa akipigana na wateja wake, na hakimu wa namna hiyo hata mtoto wa shule angemkataa.

Habari zilipofika Ulaya, mwezi wa Agosti 1895, zikazusha ghadhabu kuu, na Waingereza wengi wakaanza kuuliza juu ya utawala wa Kongo. Lothaire alishtakiwa Boma, tena Brussels, mwaka 1896, akaachiliwa mara mbili. Dola ya Kongo ikawalipa Waingereza faranga 150,000, na Wadachi 100,000.