Arius wa Iskandaria: kasisi aliyehitilafiana na askofu wake juu ya Masihi

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wale miongoni mwenu waliowahi kuhudhuria mihadhara ya viwanjani bila shaka wamelisikia jina la Arius. Hutajwa kwa haraka katikati ya hoja: kwamba alikuwa padri aliyepinga Utatu, akashindwa kwa nguvu ya dola, na kwamba laiti angeidiriki zama ya Mtume (S.A.W.) angesilimu siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana wa madrasa mwenye sauti kubwa na elimu ndogo, niliyasema hayo mbele ya umati nikapokewa kwa takbira. Miaka ilipita, nikafika chuo kikuu, na mwalimu mmoja akanipa kusoma barua tatu za Arius zilizosalia. Nilizimaliza usiku mmoja, na asubuhi yake niliona haya. Mtu niliyekuwa nikimnadi viwanjani siye niliyemkuta ndani ya barua zile. Basi leo napenda kumweleza kama alivyokuwa.

Arius alizaliwa katikati ya karne ya 3 ya Miladia, na wengi husema asili yake ni Libya. Inaelekea alisoma kwa Lucian wa Antiokia, mwanachuoni wa Kikristo aliyeuawa na Warumi mwaka 312, kwa kuwa katika barua yake mojawapo Arius amemtaja rafiki yake kuwa ni mwenzake katika chuo cha mwalimu huyo. Hatimaye akawa kasisi mjini Iskandaria, akakabidhiwa kanisa la mtaa ulioitwa Baucalis. Sura yake tumeletewa na Epiphanius, hasimu wake aliyeandika kiasi cha miaka 40 baada ya kufa kwake. Kwa maelezo hayo, alikuwa mtu mrefu, mwenye uso wa unyonge, mavazi ya kizuhudi na maneno laini, na wanawali wapatao 700 waliojitenga kwa ibada walimfuata. Hasimu akikusifu upole, hata kama anataka kusema kuwa upole huo ni mtego, ushahidi wake una uzito.

Mzozo ulizuka karibu na mwaka 318. Alexander, askofu wa Iskandaria, alikuwa akifundisha kwamba Mwana yupo pamoja na Baba tangu azali, bila ya mwanzo. Arius alimpinga hadharani. Kwake yeye, asiye na mwanzo ni mmoja tu, naye ni Baba. Ama Mwana alipatikana kwa matakwa ya Baba kabla ya nyakati zote, naye hakuwako kabla ya kupatikana. Hakutokana na dhati ya Baba, kwani dhati ya Mungu haigawanyiki. Akisikia hadi hapa, Muislamu hutikisa kichwa kwa kuridhika, na hapa ndipo wahadhiri wetu wengi huishia. Lakini Arius hakuishia hapo. Alisema vilevile kwamba kwa mkono wa huyo Mwana, Mungu aliumba nyakati na ulimwengu wote, kwamba yeye ni kiumbe aliyekamilika asiyefanana na viumbe wengine, na kwamba anastahiki kuitwa Mungu. Aliamini kwamba aliingia katika mwili, akateswa, akafufuka na akapaa. Aliwabatiza watu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kama alivyofanya askofu wake. Sisi tunaamini kwamba Nabii Isa (A.S.) ni mja na mtume, aliyeumbwa tumboni mwa Bibi Maryamu, wala hakuwako kabla ya mbingu na ardhi akishiriki kuziumba. Kati ya itikadi hizi mbili pana bahari.

Alexander naye hakuwa mjinga wala mshirikina wa kuabudu miungu watatu, tuhuma ambayo Wakristo wa pande zote mbili waliikana kwa nguvu. Shaka yake ilikuwa ya namna nyingine. Kanisa lilikwishazoea kumwomba Masihi na kumwimbia. Basi ikiwa yeye ni kiumbe, waumini wamekuwa wakiabudu kiumbe miaka yote hiyo. Kijana aliyekuwa shemasi wake, Athanasius, aliiendeleza hoja hii umri wake wote: kiumbe hawezi kuwaokoa viumbe wenzake. Kwa hakika ukiitazama kwa jicho la haki, hoja hiyo ilimbana Arius pahala pagumu, kwa sababu alitaka Mwana awe kiumbe na aendelee kuabudiwa.

Askofu aliitisha kikao cha maaskofu wapatao 100 wa Misri na Libya, na Arius akatengwa. Aliondoka akaenda Palestina na Asia Ndogo, akapata watetezi wakubwa: Eusebius wa Kaisaria, mwandishi mashuhuri wa historia, na Eusebius mwingine, askofu wa Nikomedia, ambako palikuwa na kasri la kifalme. Ni katika miaka hii ya mzozo alipotunga kitabu kiitwacho Thalia, yaani Karamu, ambacho sehemu yake ilikuwa ya mashairi. Inasimuliwa pia kwamba alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri ili itikadi yake isambae. Sisi watu wa kaswida na maulidi hatuhitaji kufafanuliwa nguvu ya jambo hilo. Bandarini na sokoni watu walianza kubishana juu ya mambo ambayo hata wenye vilemba vikubwa huyaendea kwa hadhari.

Mwaka 324 Constantine alimshinda Licinius na kuwa mtawala pekee wa dola ya Rumi. Alitaka utulivu. Kwanza alimtuma Ossius, askofu wa Cordoba huko Hispania, apeleke barua Iskandaria akiwasihi Alexander na Arius wapatane, kwani aliliona suala lenyewe kuwa dogo lisilostahiki kugawa watu. Barua haikufaa kitu. Ndipo akaitisha mkutano mkuu katika mji wa Nikea, ambao leo ni Iznik nchini Uturuki, mwaka 325. Maaskofu walisafirishwa kwa gharama ya dola. Mapokeo huwahesabu kuwa 318, idadi ya watu wa nyumba ya Ibrahim katika Taurati, lakini walioshuhudia wametaja hesabu mbalimbali, kuanzia 250 hadi 300 hivi. Baadhi yao walikuja na makovu ya mateso ya watawala waliotangulia, na sasa mtawala alikuwa amekaa katikati yao, naye mwenyewe hajabatizwa bado.

Niruhusuni nisimame kidogo hapa, maana kuhusu Nikea pia tumesema mengi yasiyo na msingi. Mkutano ule haukupiga kura kuchagua Injili nne na kuchoma nyinginezo. Kanuni zake 20 zipo na zinasomeka. Hakuna hata moja inayozungumzia orodha ya vitabu. Walijadili suala la Arius, tarehe ya Pasaka, mpasuko wa wafuasi wa Meletius huko Misri, na nidhamu ya mapadri. Jambo zito lililotoka pale lilikuwa neno moja la Kigiriki, homousios, maana yake kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Neno hilo halimo katika maandiko yao, na wengi waliotia saini hawakulipenda. Lilichaguliwa kwa sababu ndilo ambalo Arius asingeweza kulitamka. Naye hakulitamka. Maaskofu wawili wa Libya, Secundus na Theonas, walikataa pamoja naye. Wote watatu wakapelekwa uhamishoni Illyricum, upande wa Balkani.

Baadaye Constantine aliamuru vitabu vya Arius vichomwe, na atakayekamatwa amevificha auawe. Amri hiyo ilitekelezwa barabara. Ukiondoa zile barua tatu na vipande vichache, maneno ya Arius tuliyo nayo leo ni yale yaliyonukuliwa na Athanasius ili ayapinge. Kila mwanafunzi wa elimu ya riwaya anajua ugumu wa kumhukumu mtu kwa nakala iliyopita mikononi mwa hasimu yake.

Hata hivyo upepo uligeuka. Miaka michache baadaye Arius na mwenzake Euzoius walimwandikia mtawala tamko la imani lenye maneno mapana, lisilolitaja neno la Nikea kwa kulikubali wala kulikataa, na Constantine akaridhika. Athanasius, aliyekuwa askofu wa Iskandaria tangu mwaka 328, alikataa katakata kumpokea. Mwaka 335 mkutano wa maaskofu mjini Baitul Maqdis ukaamua Arius arejeshwe kanisani, na mwaka huo huo Athanasius akapelekwa uhamishoni Trier, katika Ujerumani ya leo. Ulikuwa uhamisho wake wa kwanza kati ya mitano.

Mwaka 336 ikapangwa Arius apokewe rasmi kanisani mjini Konstantinopoli. Siku moja kabla, akiwa mzee, alishikwa ghafla na maumivu ya tumbo, akaingia chooni, akafia humo. Mahasimu wake walisema ni adhabu kutoka mbinguni. Wafuasi wake wakasema amerogwa, na wapo wa leo wanaodhania sumu. Habari yenyewe imetufikia kwa kalamu ya Athanasius, ambaye hakuwako mjini bali Trier, aliyeipokea kutoka kwa kasisi wake. Tumbo linaua wema na waovu. Sioni kwa nini namna ya mtu kufa iwe hoja juu ya ukweli wa maneno yake, kwa upande wowote.

Mwaka uliofuata Constantine alifariki, na aliyembatiza akiwa mahututi ni yule yule Eusebius wa Nikomedia, mtetezi wa Arius. Mwanawe Constantius, aliyetawala hadi mwaka 361, aliwaandama watu wa Nikea. Ossius wa Cordoba, mzee aliyekaribia umri wa miaka 100, alilazimishwa mwaka 357 kutia saini tamko lililolipiga marufuku neno la Nikea. Constantius alifika hadi kuwaandikia wafalme wa Aksum, nchi ya Habasha, akitaka wamrudishe Misri askofu wao Frumentius ahojiwe, kwa kuwa alitawazwa na Athanasius. Habasha ilibaki upande wa Athanasius. Kwa hiyo, Najashi aliyewapokea maswahaba waliohajiri, karibu miaka 260 baadaye, alikuwa mfalme wa nchi iliyolelewa katika itikadi ya mahasimu wa Arius, na si kama wasemavyo baadhi yetu.

Mwaka 381 mtawala Theodosius na mkutano wa Konstantinopoli waliithibitisha Nikea, na ndani ya dola mlango ukafungwa. Nje yake, mafundisho yaliyokaribiana na ya Arius yalikwishawafikia Wagothi kupitia Wulfila, aliyewatafsiria Biblia kwa lugha yao. Wafalme wa Wavisigothi huko Hispania waliyashika hadi mwaka 589, Mtume (S.A.W.) akiwa kijana wa Makka. Tariq bin Ziyad alipovuka bahari mwaka 711, ilikuwa imepita miaka 122 tangu itikadi hiyo iachwe pale.

Mwaka 2025 Wakristo waliadhimisha miaka 1,700 ya Nikea, na Papa Leo wa 14 alikwenda Iznik mwezi Novemba. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi, ambao hukhitalifiana kwa mengi, wanalikiri tamko lile kwa pamoja. Walio nje yake ni wachache. Mashahidi wa Yehova wanaotubishia hodi milangoni husema Masihi ndiye kiumbe wa kwanza wa Mungu, na katika nukta hiyo wanafanana na Arius.

Wanazuoni wetu wa kale walimjua mtu huyu. Katika barua ya Mtume (S.A.W.) kwa Heraclius, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, limo neno Arisiyyin. Wengi katika wafasiri wamesema maana yake ni wakulima, yaani raia wa mfalme yule. Imam Tahawi amelitaja kundi katika Warumi lenye jina la kukaribiana na hilo, lililomkiri Masihi kuwa ni mja. Ikhtilafu hiyo haijatatuliwa, wala sioni aibu kuiacha ilivyo.

Ama aliyemwandika kwa uwazi ni Ibn Hazm, aliyezaliwa mwaka 994 katika mji ule ule wa Cordoba alikotoka Ossius. Ibn Hazm hakuwa mtu wa kuwapaka mafuta wapinzani; kalamu yake ilikuwa kali kwa Wakristo na hata kwa Waislamu wenziwe. Alipofika kwa Arius alieleza kwamba kauli yake ilikuwa tauhidi tupu na kwamba alimwona Isa kuwa mja aliyeumbwa. Kisha hapo hapo, bila ya kuvuta pumzi, akaongeza kwamba Arius alimwona pia kuwa ni neno la Mungu ambalo kwalo mbingu na ardhi ziliumbwa. Nusu ya kwanza ndiyo niliyoisema kiwanjani siku ile ya takbira. Nusu ya pili ilikuwa katika mstari huo huo.

Wallahu aalam.