Jinnah na Mswada wa Wakfu

Likitajwa jina la Muhammad Ali Jinnah, aghalabu fikira za watu hukimbilia Pakistan, na mwaka 1947, na damu iliyomwagika Bara Hindi ilipogawanywa mapande mawili. Hayo yameandikwa sana, na wanaomsifu na wanaomlaumu wangali wanabishana. Leo nataka kumsimulia msomaji habari nyingine ya bwana huyu, ya zaidi ya miaka 30 kabla ya Pakistan, alipokuwa mjumbe kijana katika Baraza la Kutunga Sheria la India, na silaha yake ni mswada mmoja mfupi wa karatasi. Mswada wenyewe ulikuwa wa wakfu, na wakfu si neno la kufasiriwa kwa mtu wa pwani. Nyumba ngapi za Mji wa Kale, na mashamba mangapi ya minazi, yamesalia mikononi mwa wenyewe kwa sababu babu mmoja aliandika waraka kuwa hayauzwi, hayarithiwi, hayatolewi zawadi?

Jinnah alizaliwa Karachi, na tarehe inayoshikwa rasmi ni 25 Desemba 1876. Baba yake, Jinnahbhai Poonja, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Kathiawar katika nchi ya Gujarat. Asili yao ni Makhoja, jamaa wale wale ambao wenzao walivuka bahari wakaja kufungua maduka Unguja na Mombasa. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, alipelekwa London kujifunza kazi katika kampuni ya meli na biashara. Yasimuliwa kuwa mama yake alichelea asije akarudi na mke wa Kizungu, kwa hivyo akamwoza binti wa jamaa zao kabla hajapanda meli. Bibi harusi yule alifariki huku mumewe yuko ughaibuni, na mama mtu naye akafariki. Jinnah hakuwaona tena.

Kazi ya meli haikumshika. Aliiacha akaingia Lincoln's Inn kusoma sheria, na mwaka 1896 akapata uwakili, hajatimiza hata miaka 20. Aliporudi akatua Bombay. Alianza kwa dhiki, kisha jina lake likapanda hata akawa katika mawakili wanaotafutwa kwa bei yoyote. Alivaa suti za Kizungu zilizonyooshwa kama upanga, akazungumza Kigujarati kwao na Kiingereza kazini. Kiurdu chake kilikuwa hafifu, na fikihi hakuisomea kwa shekhe. Nayataja haya makusudi, kwa kuwa huyu ndiye aliyekuja kuitetea sadaka ya Kiislamu mbele ya Waingereza, na walikuwapo wanavyuoni wakubwa ambao mlango huo haukuwafungukia.

Mwaka 1910 Waislamu wa Bombay walimchagua awawakilishe katika Baraza hilo, lililokuwa likikutana Calcutta. Baraza lilikuwa na wajumbe 60 wa nyongeza, na katika hao 27 tu ndio waliochaguliwa. Waliobaki wote ni wa kuteuliwa, na wengi wao ni maofisa wa serikali. Mswada wa mjumbe wa watu ulipita pale ikiwa wakubwa wameridhia, la sivyo ulizama. Hata hivyo Jinnah hakuanza kwa unyenyekevu. Mwezi wa Februari mwaka ule ule, ulipojadiliwa unyama waliokuwa wakitendewa Wahindi wa Afrika Kusini, aliuita ukatili. Makamu wa Mfalme, Lord Minto, akamkemea kuwa neno hilo ni kali mno. Jinnah akamjibu, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, kwamba angependa kutumia kali kuliko hilo, ila anazijua kanuni za Baraza.

Sasa tuje kwenye wakfu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, kumtaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe mazao yake sadaka. Katika waliotajwa kupata mazao hayo ni masikini na wasafiri, na jamaa pia wamo. Kwa Mwislamu kumtazama mtoto wake na mjukuu wake asije akaomba njiani ni sadaka, tena yenye daraja. Sheria ya Kiingereza haioni hivyo. Kwa Mwingereza sadaka ni ile impatayo mtu wa mbali. Ukimpa wa nyumbani mwako umejipa mwenyewe. Juu ya hayo, sheria yao huchukia mali kufungwa milele isiuzike.

Njia mbili hizi ziligongana mwaka 1894. Ndugu wawili wa Bengal walikuwa wameweka wakfu kwa watoto wao na vizazi vya watoto wao, na watakapokatika wote, mali iwaendee wajane, mayatima na masikini. Kesi ikafika Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufani ya makoloni yote. Majaji wakaamua kwamba fungu hilo la masikini liko mbali mno, ni kivuli tu, na kusudi la kweli ni kuwatajirisha jamaa. Wakfu ukabatilika. Kabla ya hapo Jaji Ameer Ali wa Mahakama Kuu ya Calcutta, naye ni Mwislamu na mwanachuoni, alikuwa ameeleza kwa kirefu kuwa sharia yaruhusu. London haikumfuata.

Matokeo yake si mambo ya vitabuni. Mrithi mmoja aliyekwama kwa deni aliweza kwenda mahakamani kuuvunja wakfu wa babu yake, nyumba ikagawanywa mafungu, mafungu yakauzwa, na anayenunua si wa ukoo. Hukumu moja ya London iliwatoa watu majumbani.

Waislamu wa India walilia kwa miaka. Maulana Shibli Nomani wa Lucknow alilishika jambo hili, akakusanya fatwa na sahihi za watu. Lakini fatwa haziingii Barazani kwa miguu yake, zataka mbebaji. Tarehe 17 Machi 1911 Jinnah aliuwasilisha mswada wake. Ustadi wake, kwa maoni yangu, ulikuwa katika jambo moja. Hakwenda kushindana na majaji wa London nani ajuaye zaidi sharia ya Kiislamu. Angalishindwa, na wao ndio wenye mahakama. Alitaka sheria itangaze tu haki ambayo Waislamu walikuwa nayo tangu zamani, na iondoe shaka iliyozuka. Mwenye kutangaza haki ya zamani hana haja ya kumtukana jaji.

Mswada ukazungushwa kwa maoni, ukaingia kamati, ukachukua miaka miwili. Katikati ya safari muda wa Jinnah Barazani ukamalizika. Hapo ungalikufa, kama ilivyokufa miswada mingi iliyoachwa na wenyewe, lakini Makamu wa Mfalme aliyemfuata Minto, Lord Hardinge, alimteua arudi Barazani ili aumalize. Machi 1913 ukawa sheria. Ilisema kuwa Mwislamu ana haki ya kuweka wakfu kwa jamaa, watoto na dhuria zake, maadamu mwisho wake umewekewa masikini au jambo la kheri la kudumu. Na kwamba wakfu haubatiliki kwa sababu tu fungu la masikini limecheleweshwa mpaka ukoo ukatike. Kwa Mahanafi iliongeza ruhusa ya mwenye mali kujiwekea matumizi yake mwenyewe maisha yake. Sisi Mashafii jambo hilo kwetu halisihi, na sheria haikutulazimisha.

Haikuwa kamili. Mwaka 1922 Privy Council iliamua kuwa haizihusu wakfu zilizowekwa kabla ya 1913, na ndizo zilizokuwa nyingi. Ilibidi sheria nyingine ya 1930 kuziba pengo hilo.

Asidhani msomaji kuwa Jinnah alikuwa akibeba miswada ya kuwapendeza mashekhe tu. Mwaka 1912 aliunga mkono mswada wa Gokhale wa elimu ya msingi ya lazima, ukaanguka kwa kura 38 dhidi ya 13. Mwaka huo huo aliunga mkono mswada wa Bhupendranath Basu, uliotaka watu wa dini mbalimbali waweze kuoana kisheria bila kuikana dini yao. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria haifai kumlazimisha mtu kusema uongo juu ya imani yake. Hoja ina uzito, lakini mimi siwezi kumfuata hapo, kwani kuolewa kwa Mwislamu mwanamke na asiyekuwa Mwislamu hakuna mwanachuoni aliyekuhalalisha. Mswada ukaanguka. Yeye mwenyewe alipomwoa Rattanbai Petit, binti wa Kiparsi, mwaka 1918, bibi alisilimu kwanza. Na binti yao Dina alipoolewa na asiyekuwa Mwislamu mwaka 1938, baba alichukizwa mno. Mambo ya Barazani na ya nyumbani si mamoja.

Mwaka 1919 alijiuzulu Barazani kwa hasira ya Sheria ya Rowlatt, iliyoruhusu watu kufungwa bila kesi. Alirudi katika Baraza jipya mwaka 1923. Mwezi wa Septemba 1929 ndio nionao mimi kuwa wa fahari. Alisimama kupinga mswada wa kumhukumu Bhagat Singh na wenzake bila ya wao kuwapo mahakamani, nao wamegoma kula gerezani. Hawakuwa Waislamu wenziwe, wala njia yao ya mabomu haikuwa yake. Mwezi ule ule aliunga mkono sheria iliyoweka umri wa kuoza kuwa miaka 14 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Waislamu wengi walikasirika. Aliwajibu waliomchagua kuwa ikiwa hawakubali wamtafute mjumbe mwingine. Kura ni zao, lakini rai ni yake. Aliyeoa mwenyewe akiwa kijana, mkewe akafa mbali naye, huenda alikuwa na lake moyoni.

Kisha ikaja sheria ya 1937 ya kuwarudisha Waislamu kwenye sharia katika ndoa, talaka na mirathi. Katika sehemu nyingi, Punjab hasa, mila ilikuwa imeishinda Kurani, binti hapati kitu. Mswada haukuwa wake, lakini aliutetea, na marekebisho yake ndiyo yaliyofanya wosia na kulea mtoto kwa kumrithisha kuwa mambo ya hiari. Ardhi ya kilimo iliachwa nje, na huko ndiko uliko utajiri wa Punjab. Kwa hiyo mabinti wengi walipata haki pasipokuwa na mali ya kuipatia.

Jinnah alifariki Karachi tarehe 11 Septemba 1948, Gavana Mkuu wa Pakistan kwa mwaka mmoja na siku chache. Katika wosia wake wa 1939 alimkumbuka dada yake Fatima na jamaa wengine, na masalio ya mali aliyaelekeza Aligarh, Chuo cha Kiislamu cha Peshawar na Sindh Madrasa, skuli aliyosoma utotoni.

Limebaki la kwetu. Sheria ya 1913 ilikuwa ya India, na haikuvuka bahari. Hukumu ya 1894 ndiyo iliyovuka, kwa sababu Privy Council ilikuwa juu ya mahakama zetu vilevile. Kwa hivyo miaka karibu 40 baada ya Waislamu wa India kurudishiwa haki yao, wakfu za jamaa katika Afrika Mashariki zilikuwa zikivunjwa kwa hukumu ile ile ya ndugu wawili wa Bengal. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya watu wa nasaba moja kutoka Kenya ilifika London, na majaji wakashikilia kuwa wakfu wao hausihi, maadamu Kenya haina sheria kama ile ya Jinnah. Kuwa sisi ni Mashafii hakukubadili kitu.

Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 ndiyo iliyotamka kuwa wakfu wa jamaa, uliotangulia na utakaofuata, unasihi ukiwekewa mwisho wa masikini au wa kheri ya kudumu. Ukisoma kifungu chake sambamba na kile cha 1913, utadhani mwandishi ni mmoja. Jinnah alikuwa amezikwa miaka mitatu.