John Boyd Dunlop: daktari wa wanyama aliyetia hewa ndani ya pneu, na bei iliyolipwa na Congo

Mjini Likasi, shofere anayetafuta pneu za pikapu huwa na njia mbili kichwani. Moja ni lami ya barabara ya taifa namba 1, inayompeleka Lubumbashi, umbali wa karibu kilomita 120. Nyingine ni udongo mwekundu wa kuelekea Mitwaba, unaogeuka matope wakati wa mvua na kubakiza mawe makali wakati wa kiangazi. Pneu ya lami peke yake inateleza kwenye matope. Pneu ya matope yenye meno makubwa inapiga kelele na kuisha mbio kwenye lami. Ndiyo maana wengi wanachagua ile ya katikati, inayoweza kupita kila njia.

Hata pneu ya kwanza iliyofanikiwa sokoni ilizaliwa kwa sababu ya barabara mbaya. Mtu aliyeitengeneza hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa wanyama, jina lake John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, katika familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa wanyama, kisha akahamia Ireland, na mjini Belfast akafungua kazi iliyokuwa kubwa, hasa ya kutibu farasi. Kila siku alipita katika barabara zilizotandikwa mawe, ambako magurudumu ya mbao, chuma na mpira mgumu yalitikisa watu na mizigo.

Mwaka 1887, mtoto wake wa kiume, Johnny, alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, iliyomtikisa vibaya juu ya mawe hayo. Baba alichukua karatasi nyembamba za mpira, akazigundisha kuwa bomba, akalizungushia kwenye duara la mbao, akalifunika kwa kitambaa na kulijaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha alifanya jaribio rahisi uwanjani: alisukuma gurudumu la mpira mgumu, halafu lile la hewa. La hewa lilikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1888, Johnny aliendesha baiskeli yake juu ya magurudumu mapya.

Mwezi Desemba mwaka huo, Dunlop alipata hati ya uvumbuzi, yaani brevet. Watu wengi waliicheka pneu hiyo nene. Lakini mwezi Mei 1889, mwendesha baiskeli Willie Hume aliitumia katika mashindano ya Belfast na kuwashinda wote. Kati ya walioshindwa walikuwemo watoto wa mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros. Baba yao alielewa haraka kwamba hapo kuna biashara, na kampuni ikaanzishwa mjini Dublin.

Furaha haikudumu. Mwaka 1890 ilitangazwa kwamba brevet ya Dunlop haina nguvu. Mscotland mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo lilelile tangu mwaka 1845, zamani ambapo baiskeli hazijaenea, na dunia ikamsahau. Kampuni iliokoka kwa kununua uvumbuzi wa watu wengine, ulioruhusu pneu kushikwa vizuri kwenye rimu na kutolewa ikitoboka. Kila quado wa Likasi leo anaishi kwa kazi hiyo ya kutoa, kuziba na kurudisha.

Dunlop alijiondoa katika uongozi mwaka 1895. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3, lakini sehemu kubwa ya utajiri huo haikumfikia. Alibaki Dublin na biashara ya kawaida. Alipokuwa mzee, alifikia hatua ya kuishtaki kampuni yenye jina lake, kwa sababu matangazo yake yalimchora kama mzee mwenye mbwembwe za mavazi. Alifariki dunia tarehe 23 Oktoba 1921.

Lakini hesabu ya pneu haikuishia Dublin. Kila baiskeli, na baadaye kila gari, ilihitaji mpira, na katika miaka hiyo mpira mwingi ulitoka kwenye utomvu wa mimea ya porini. Mimea hiyo ilijaa katika misitu ya Congo, nchi ambayo tangu mwaka 1885 ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji. Huku Katanga, Mwami Msiri aliuawa Bunkeya mwezi Desemba 1891, na bendera ya Leopold ikachukua nchi yake.

Mauzo ya mpira wa Congo yalipanda kutoka tani zipatazo 100 mwaka 1890 hadi karibu tani 6.000 mwaka 1901. Hazikuongezeka kwa hiari ya wanakijiji. Katika maeneo ya makampuni kama ABIR, wanawake walishikwa mateka mpaka waume walete mpira, vijiji vilichomwa, na askari walikata mikono ya watu ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Ripoti ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, iliyotoka mwaka 1904, iliongeza hasira duniani, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hiyo.

Dunlop hakuagiza ukatili huo. Alitaka tu mtoto wake asitikiswe na mawe. Lakini starehe iliyoanzia uwanjani kwake ilifungua soko, na soko hilo lililipwa kwa damu ya Wakongomani. Sura yake ilichapwa kwenye noti ya pauni 10 ya Northern Bank huko Ireland ya Kaskazini. Wengi wa waliochuma mpira huo hawajulikani hata kwa majina.

Leo pneu inafika Likasi kutoka nje, na mnunuzi analipa pesa nyingi. Afanye basi kama Dunlop: aanze na barabara, si na uzuri wa pneu. Anayezunguka zaidi kwenye lami hana haja ya meno makubwa. Anayebeba magunia ya bunga na makala asome ubavuni namba ya uzito: 112, kwa mfano, inaruhusu kilo 1.120 kwa kila pneu. Asome pia tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT: 2319 ina maana juma la 23 la mwaka 2019. Pneu iliyokaa miaka mingi inaweza kung'aa dukani, huku mpira wake umekwisha kukauka.

Na kwenye matope, hewa ikipunguzwa kidogo, pneu inashika vizuri zaidi. Lakini irudishwe kabla ya kuingia lami. Pneu yenye hewa kidogo inapata moto kwa mwendo wa kasi, na inaweza kupasuka.