Tom Mboya: Kabla Awe Jina la Barabara, Alikuwa Msee wa Kupigania Mishahara

Kila Mei Mosi hapa Kizingitini stori huwa ile ile. Redio inawashwa pale gatini, wazee wanaendelea kushona nyavu, na wote wanangoja kusikia mshahara wa chini umepanda asilimia ngapi. Ikishatajwa, watu wanacheka kidogo halafu kila mtu anarudi kwa shughuli yake.

Sababu iko wazi. Anayezamia kamba mawe hana mdosi wa kumlipa mwisho wa mwezi, ana mnunuzi wa kumkatia bei. Na kijana aliyeandikwa dukani au kwa mjengo yuko daraja la mwisho, maana sheria ya Kenya inapanga mshahara wa chini kulingana na mahali. Majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu yako juu, miji fulani inafuata, halafu kuna sehemu nyingine zote. Sisi ndio hizo nyingine zote. Na unga na petroli vinatufikia kwa boti, kwa hivyo usidhani maisha huku ni ya bei rahisi.

Sasa, hii vita ya mishahara ina wenyewe walioipigana zamani. Mmoja wao unamjua kwa jina la barabara pale Nairobi, kwa sanamu yake Moi Avenue, na kwa zile ndege za wanafunzi wa kwenda Marekani kuanzia 1959. Anaitwa Tom Mboya. Lakini wengi hawajui kwamba jina lake alilitengeneza kwa vyama vya wafanyakazi.

Alizaliwa 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge ambako babake alikuwa mnyapara. Kwao kabisa ni Rusinga, kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria. Mtoto wa watu wa kisiwa, kama sisi. Akasoma hadi Mangu, lakini karo ya kuendelea ikakosekana. Hiyo nayo wengi wetu tunaielewa bila kuelezwa. Akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, kwa sababu huko mwanafunzi alipewa pesa kidogo akiwa bado anasoma.

Alipoajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, akagundua noma. Mkaguzi mzungu na mkaguzi mwafrika walifanya kazi ile ile, lakini mshahara wa mwafrika ulikuwa kipande tu cha ule wa mwenzake. Kuna siku mama mmoja wa kizungu aliingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akaangaza huku na huku, halafu akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa amesimama hapo hapo mbele yake.

Hakukaa kulia. Kulikuwa na chama kidogo cha wafanyakazi waafrika wa baraza. Alipokipata uongozi, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi mwaka 1952. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, tayari alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote, ambalo baadaye liliitwa KFL. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Jomo Kenyatta yuko ndani, chama cha KAU kimepigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu sauti pekee ya mwafrika iliyoruhusiwa. Wakoloni walijua hivyo, ndio maana mwaka 1956 walitishia kuifuta KFL wakidai inaingilia siasa.

Shida kubwa ilikuwa hesabu ya mshahara wenyewe. Kwa miaka, mshahara wa chini ulipangwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala mtoto, yaani anakula peke yake na kulala kitanda kimoja. Mwaka 1954 kamati ya serikali chini ya Carpenter ilikubali kwamba hiyo si sawa, ikapendekeza mshahara uhesabiwe kwa mtu na familia yake. Lakini pendekezo si chapaa mfukoni.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa wakagoma. Mombasa ndiko vijana wengi wa visiwa hivi vya Lamu hukimbilia kutafuta mchongo, kwa hivyo hii stori si ya mbali. Mboya akashuka huko, akawaomba warudi kazini huku yeye akibanana na waajiri mezani. Mwisho wa yote, makuli wakapata nyongeza ya asilimia 33. Jina lake likawa kubwa nchi nzima.

Machi 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama wakatia saini mkataba mkubwa wa mahusiano kazini. Waajiri wakakubali kuvitambua vyama. Vyama navyo vikakubali kuongea kwanza kabla ya kugoma.

Halafu hapa stori inapinda. Uhuru ukaja, na 1965 serikali aliyokuwa ndani yake ikavunja mashirikisho yaliyokuwa yakipigana, ikaunda COTU, na sheria mpya ikafanya mgomo kuwa mgumu. Mboya, sasa akiwa waziri wa mipango ya uchumi, alishikilia kwamba nchi ijengwe kwanza, na kwamba wenye mishahara ni wachache kuliko wakulima na wasio na kazi. Wapo waliomwona amewageuka wenzake. Hoja yake haikuwa ya kijinga, lakini kamba aliyoifunga bado inawakaza wengine.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Nairobi, akafa akiwa na miaka 38. Akazikwa kwao Rusinga, kisiwani.

Mimi nikisoma maisha yake naona kitu kimoja. Zile sheria zilimsaidia mwenye mdosi. Mvuvi aliachwa nje, hata yule wa Rusinga, na hakuna asilimia ya Mei Mosi itakayomfikia. Lakini Mboya hakuanza na sheria. Alianza na kile chama kidogo cha kazini, akakitumia kudai bei ya jasho. Hata hapa gatini tuna BMU, na mikutano yake inaitishwa. Swali ni nani atasimama huko azungumzie bei ya kamba.