Arthur Guinness: Mzee aliyeshika sululu kwa ajili ya bia

Jina lake utalikuta kwenye friji za baa nyingi, iwe Nairobi, Kampala au Dar, lakini wengi hudhani Guinness ni jina la bia tu. Kumbe alikuwa mtu kabisa, tena mbishi.

Arthur Guinness alizaliwa miaka ya 1720 huko Kildare, Ireland. Baba yake, Richard, alimfanyia kazi Askofu Mkuu Arthur Price wa Kanisa la Ireland. Askofu alipofariki mwaka 1752 alimwachia kijana pauni 100. Miaka mitatu baadaye, Arthur alikuwa na kiwanda chake cha bia katika mji mdogo wa Leixlip.

Halafu akafanya jambo linalofanana na utani. Desemba 31, 1759 alipanga kiwanda kilichokuwa kimekufa pale St James's Gate, Dublin: ekari 4, pauni 45 kwa mwaka. Muda wa mkataba? Miaka 9,000. Hapana, sijakosea sifuri. (Baadaye kampuni ililinunua eneo hilo, kwa hiyo mkataba hauna kazi tena.)

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Alimuoa Olivia Whitmore mwaka 1761. Olivia alibeba mimba 21, lakini watoto waliofika utu uzima ni 10 tu.

Kazini, vita ilikuwa ya maji. Viongozi wa jiji walidai anachota kuliko haki yake, na mwaka 1775 wakatuma watu wazibe mfereji wake. Arthur akampokonya mmoja wao sululu, akasimama pale na kuwaporomoshea maneno makali. Mvutano uliisha mwaka 1784, alipokubali kulipia maji pauni 10 kwa mwaka. Tusimcheke: bila maji hakuna bia.

Wakati huo London walikuwa na bia yao nzito, nyeusi, ya kimea kilichokaushwa hadi kuwa kahawia. Wapagazi waliipenda sana mpaka ikaitwa kwa jina lao, pota. Meli zilikuwa zinaishusha Dublin, na kodi iliwabana watengenezaji wa Ireland kuliko Waingereza. Arthur angeweza kubaki analalamika. Badala yake, miaka ya 1770 akaanza kuipika mwenyewe, na mwaka 1799 akaachana kabisa na eli, bia yake ya zamani.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo kamari yake kubwa, kuliko hata ile miaka 9,000. Mzee wa zaidi ya miaka 70 anaacha bidhaa iliyomtoa kimaisha!

Alifariki Januari 1803 akazikwa Kildare, kiwanda akakirithi mwanawe, naye Arthur. Ile ladha ya kuungua tunayoijua leo hakuionja vile: mashine ya kuchoma kimea hadi kiwe cheusi ilikuja mwaka 1817.

Sasa kama umeshafika umri wa kunywa na bia nyeusi hukuogopesha, jaribu hivi. Mhudumu akikuuliza ya baridi au ya moto, chukua ya baridi lakini iache mezani dakika kumi. Imimine kwenye glasi, nusa kwanza, kisha kunywa taratibu na nyama choma. Utapata kahawa, chokoleti chungu, na moshi kidogo. Ikiwa ni barafu tupu, hutasikia chochote.