Gakaara wa Wanjau: Mzee wa vijitabu aliyepelekwa Kajiado kwa sababu ya karatasi

Ukishuka matatu pale steji ya Kitengela jioni, kabla hujavuka barabara ya Namanga utakuwa umepewa karatasi tatu. Moja ya ploti za Isinya, moja ya daktari wa meno, moja ya kanisa lenye kesha la Ijumaa. Wengi wetu tunazikunja bila kusoma na kuzitupa mtaroni. Msee anayezigawa anatuangalia tu, hana la kusema.

Mwaka jana msee huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekataa kabisa, na rafiki yangu alikuwa ameanza biashara ya kupeleka gesi kwa nyumba za watu. Tulichapisha vipeperushi 500. Nikavigawa siku tatu, jua la Kitengela likinichoma kisogo. Simu haikulia hata mara moja. Siku ya nne ndipo tuligundua namba ya simu ilikuwa na tarakimu moja si yake. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza: karatasi bado ina kazi gani wakati kila mtu yuko na simu? Kutafuta jibu ndiko kulinipeleka kwa mzee mmoja ambaye jina lake nilikuwa nimelisikia shuleni likapita tu. Gakaara wa Wanjau.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 upande wa Nyeri, karibu na misheni ya Tumutumu. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbyterian, kwa hiyo vitabu havikuwa kitu kigeni nyumbani. Kijana alikuwa na kichwa chepesi, akaingia Alliance, shule ambayo wakati huo ilikuwa ndoto ya kila mzazi Mwafrika. Lakini hakumaliza. Mwaka 1940 kukatokea mgomo wa wanafunzi, naye akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Sisi tulioachia masomo njiani tunajua vile siku hiyo inakaa. Unarudi nyumbani na sanduku lako, na kila jirani anajifanya hajakuona.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza. Gakaara akajiunga na jeshi la Waingereza, akafika mpaka Ethiopia. Vijana wengi Waafrika walirudi kutoka vita hivyo wakiwa wamebadilika. Walikuwa wameona Mzungu akiogopa, wameona nchi za wengine, halafu wakarudi Kenya wakakuta kipande kile kile shingoni, ardhi ile ile imechukuliwa, na mshahara wa kibarua haujasogea. Kulikuwa na hasira nyingi, na hasira ikikosa mahali pa kuandikwa huishia kwenye kilabu cha pombe.

Yeye alichagua kuandika. Mwaka 1946 kilitoka kitabu chake cha kwanza, Uhoro wa Ugurani, hadithi ya Kikuyu kuhusu vijana wawili wanaopendana na mahari inayowasumbua. Angalia vile alivyoanza. Hakuanza na siasa, alianza na jambo ambalo kila kijana wa wakati huo alikuwa akilipigia hesabu usiku: nitaoa na nini? Hilo ni somo la biashara hata kama yeye hakuliita hivyo. Kabla ya kumuuzia mtu kitu, gusa shida ambayo tayari iko kichwani mwake.

Baada ya hapo yeye na wenzake wakaunda kampuni, African Book Writers. Hebu fikiria ujasiri huo. Mitambo ya kuchapa mingi ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, maduka ya vitabu yalikuwa ya misheni, na vitabu vya misheni vilichagua wenyewe nini Mwafrika asome. Kumbe hawa vijana wanataka kuandika wenyewe, kulipia uchapaji wenyewe, na kuuza wenyewe. Vilikuwa vijitabu vidogo, kurasa chache, kitu ambacho mtu wa mshahara mdogo anaweza kununua na kutia mfukoni. Hakuwa peke yake. Henry Muoria alikuwa tayari na gazeti lake Mumenyereri tangu 1945, na magazeti mengine madogo ya lugha za Waafrika yalizidi kuchipuka.

Siku hizi tunahesabu watu wangapi wameona stetasi. Karatasi ya enzi hizo ilikuwa na hesabu nyingine. Mmoja aliyejua kusoma alinunua, akasomea wengine kwa sauti, kisha ikapita mkono kwa mkono mpaka ikachakaa. Nakala moja ilikuwa na masikio mengi nyuma yake. Na haikuhitaji chaji.

Mwaka 1948 aliandika Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Hiki aliandika kwa Kiswahili, si Kikuyu, ili ujumbe uvuke mipaka ya kabila lake. Kilihimiza Mwafrika asimame wima na asiogope kujaribu. Kufikia 1952 hali ya nchi ilikuwa imechemka, na Gakaara alikuwa akichapa kwa kasi: kijitabu cha Mageria Nomo Mahota, maana yake wanaojaribu ndio wanaoshinda, nyimbo za siasa, na Imani ya Gikuyu na Mumbi, ambayo ilichukua umbo la ungamo la kanisani na kuligeuza kuwa ungamo la ardhi na uhuru. Mtoto wa mchungaji alijua vizuri kwamba watu wanakumbuka maneno waliyoyazoea tangu utotoni. Serikali nayo ilijua.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Usiku huo msako ukaanza. Kenyatta akachukuliwa, viongozi wa KAU wakachukuliwa, wa vyama vya wafanyakazi pia. Na katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na mwandishi wa vijitabu, mtu ambaye silaha yake ilikuwa wino. Kama bado unauliza kama karatasi ina nguvu, hapo umejibiwa na serikali yenyewe. Hakuna anayemkamata mtu usiku kwa sababu ya kitu ambacho hakisomwi.

Miongoni mwa vituo vya mwanzo alivyozuiliwa ni Kajiado. Ndiyo, Kajiado hii yetu, mji wa stesheni kwenye reli ya Magadi, ambako leo tunaenda kufuata stakabadhi za ardhi na kula nyama. Nimepita hapo mara nyingi, na hakuna kitu ambacho kimewahi kunikumbusha kwamba waandishi walifungiwa pande hizi bila kesi. Kizuizini hakukuwa na hukumu ya miaka mitatu au mitano. Ulikaa mpaka watakapoamua, na hukujua ni lini.

Kutoka huko akapelekwa mbali zaidi, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Jua, chumvi, mbu, na bahari pande zote. Hapo ndipo alifanya jambo ambalo mimi naona ni kubwa kuliko vijitabu vyote. Aliandika kila siku, kwa siri. Nani amefika, nani ameugua, walikula nini, walibishana nini, askari walifanya nini. Karatasi ilikuwa hatari, kwa maana ingekamatwa angelipa. Akaandika tu, na maandishi hayo yakaokoka.

Mkewe Shifra Wairire pia alikamatwa na kuzuiliwa. Mume kambi moja, mke kambi nyingine, na kati yao barua zilizopita kwanza mikononi mwa mkaguzi. Tukizungumza juu ya thamani ya barua ya posta, tuanzie hapo. Unaandika ukijua mtu mwingine atasoma kabla ya mkeo, na bado unaandika, kwa sababu yule atakayeipokea ataishika mkononi na kujua uko hai.

Sasa tunafika mahali ambapo hadithi haiko safi, na sitaki kuiruka. Baada ya Manda, Gakaara aliletwa kambi ya Athi River. Ukiwa Kitengela unaona moshi wa viwanda vya Athi River, ni hapo tu ng'ambo. Kambi hiyo ilikuwa ya kubadilisha watu fikra. Kulikuwa na mahubiri, mafunzo, na shinikizo la kukiri kiapo. Serikali ilikuwa na mfungwa anayejua kuandika kwa Kikuyu kuliko ofisa wake yeyote, na ikamtumia. Gakaara akaandika michezo ya kuigiza na kufanya kazi katika gazeti la kambi. Yule aliyefungwa kwa sababu ya maandishi akawa anaandikia waliomfunga.

Alisaliti? Mimi ninayeandika hapa nikiwa nimekula na nimelala kwa amani sina haki ya kujibu haraka. Alikuwa na mke kizuizini, watoto nje, na hakuna tarehe ya kutoka. Lakini tukio hilo linasema ukweli kuhusu chapa: karatasi haina upande. Katika hali hiyo hiyo ya hatari ndege za serikali zilikuwa zimemwaga vipeperushi juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, zikiwataka wapiganaji wajisalimishe wakiwa wameshika tawi bichi mkononi. Hiyo ilikuwa 1953. Maneno ni yale yale ya Kikuyu na Kiswahili, wino ni ule ule. Tofauti ni nani analipia na kama msomaji anamwamini.

Na hilo la kuaminiwa ndilo jambo lenyewe. Kijitabu cha Gakaara mtu alikinunua kwa pesa yake ya jasho, akakificha. Kipeperushi kilichodondoka kutoka angani kilikuwa cha bure, na aliyekiokota alikiangalia mara mbili akijiuliza ni mtego gani. Usambazaji mkubwa haukununua imani.

Miaka ya 1950 ikielekea ukingoni, baada ya kupitia Hola pia, aliachiliwa. Wengi waliotoka kizuizini walikuta mashamba yamegawanywa na maisha yamekwenda bila wao. Gakaara alirudi kwa kile alichokijua. Hatimaye akatulia Karatina, na huko akawa na mtambo wake mwenyewe, Gakaara Press. Kijana aliyekuwa akibeba miswada kwa wachapaji wa wengine sasa alikuwa na mashine yake katika mji mdogo wa soko. Alitoa gazeti la Gikuyu na Mumbi, hadithi za kuchekesha za Wa-Nduuta, na vitabu vya kufundishia watoto kusoma Kikuyu. Alisumbuka sana na tahajia, akitaka lugha yake iandikwe sawasawa. Nikikumbuka ile namba yangu ya simu iliyokosewa, naona aibu.

Mwaka 1983 zile kumbukumbu za kizuizini zilitoka kama kitabu, Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika, akishiriki na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kitabu cha Kikuyu, si cha Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja baadaye, 1988. Maneno yaliyofichwa Manda yalikuwa yamengoja miaka 30 yakiwa bado yanasomeka. Niambie ni stetasi gani itafanya hivyo.

Uhuru haukumaanisha amani kwake. Mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, serikali ya Kenya huru nayo ilimkamata, mzee wa miaka 65. Tena ilikuwa karatasi, kwa kuwa kosa kubwa la siku hizo lilikuwa kukutwa na vijikaratasi vya chinichini. Aliachiliwa, akaendelea na kazi yake mpaka alipofariki mwaka 2001.

Sasa nirudi steji. Rafiki yangu wa gesi bado yuko kazini, na tulichapisha tena, lakini 100 tu. Safari hii hatukusimama barabarani. Kenya barua zinaenda kwenye sanduku la posta, haziji mlangoni, kwa hiyo posta yetu ni miguu na kea-teka. Tulichagua ploti nne za Noonkopir ambako tayari tuna wateja. Tukaandika jina la ploti juu kwa kalamu, tukaeleza jambo moja linalosumbua kila mpangaji: gesi kuisha saa tatu usiku ugali ukiwa jikoni. Tukasoma namba ya simu kwa sauti mara tatu kabla ya kuchapa.

Simu zimelia. Si nyingi, lakini kuna mama mmoja aliyepiga baada ya wiki sita. Alikuwa ameibandika karatasi yetu kwenye friji muda wote huo, akingoja mtungi wake uishe.

Gakaara angeelewa. Hakuandika kwa ajili ya mtu anayepita. Aliandika kwa ajili ya yule atakayeitia mfukoni, aende nayo nyumbani, aisome tena. Kwa hiyo kesho mtu akikupa karatasi pale Kitengela, isome kwanza. Na kama wewe ndiye unayechapisha, jiulize kama unachoandika kinastahili kufichwa chini ya godoro. Kama hakistahili, usimlaumu anayekitupa mtaroni.