STAN WINSTON, FUNDI ALIYEKUTANA NA MASHINE

Wahenga walisema kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Lakini je, mashine ikija kuushika huo mpini, aliyechanika viganja atakula nini? Hapa kwetu, kutoka Kericho mjini hadi Konoin na Sotik, hilo si swali la mdahalo tu. Mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba makubwa, na mwaka 2023 baadhi yake ziliteketezwa kwa moto wakati wa maandamano. Kwa wengi wetu mambo haya ni gumzo la jioni nyumbani.

Leo nitawasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuchuma chai hata siku moja, lakini aliulizwa swali hilo hilo akiwa kazini. Jina lake ni Stan Winston. Yeye ndiye aliyeunda majitu, roboti na wanyama wa kutisha katika sinema ambazo bila shaka umeziona, au umesimuliwa na kaka yako aliyeziona.

Winston alizaliwa tarehe 7 Aprili 1946 katika jimbo la Virginia huko Marekani. Tangu utotoni alipenda kuchora, kucheza na vikaragosi na kutazama sinema za kuogofya. Alisomea uchoraji na uchongaji katika Chuo Kikuu cha Virginia, akahitimu mwaka 1968. Mwaka uliofuata alifunga virago akaenda California akitaka kuwa mwigizaji. Wapi! Kazi ya uigizaji ikamkataa. Badala ya kurudi nyumbani kichwa chini, akajiunga na kampuni ya Walt Disney kama mwanagenzi wa kuwapamba na kuwabadilisha waigizaji sura. Uanagenzi huo ulikuwa wa saa 6,000. Hebu piga hesabu mwenyewe, uone ni siku ngapi za kutoka asubuhi hadi jioni!

Mwaka 1972 alianzisha karakana yake. Kazi yake katika sinema ya televisheni ya mwaka huo huo, iitwayo Gargoyles, ikampatia tuzo ya Emmy. Mwaka 1984 akaunda yale mafupa ya chuma ya roboti katika The Terminator. Mwaka 1986 akaunda malkia wa viumbe wa kutisha katika Aliens, mwenye urefu wa futi 14 hivi, aliyeendeshwa na watu waliojificha ndani yake na wengine waliovuta nyaya kutoka nje. Kazi hiyo ikampa tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Kufikia hapo kila kitu kilikuwa cha mkono: udongo wa kufinyanga, mpira, rangi, nyaya na jasho.

Kisha ikaja kompyuta, au tarakilishi kama walimu wetu wapendavyo tuiite. Mwaka 1991, katika Terminator 2, kulikuwa na adui wa chuma kinachoyeyuka kama maji. Alipokuwa akiyeyuka na kujiunda upya, hiyo ilikuwa kazi ya kompyuta. Lakini alipopigwa risasi kifua kikatoboka, au kichwa kikapasuka vipande viwili, aghalabu hiyo ilikuwa kazi ya karakana ya Winston. Mtazamaji hakujua mkono umeishia wapi na kompyuta imeanzia wapi. Winston alipata tuzo mbili za Oscar kwa sinema hiyo moja.

Mtihani mkubwa ulikuja na Jurassic Park, iliyotoka mwaka 1993. Sinema hii inahusu maafa yanayozuka kisiwani wakati dinosaria wanapotoroka kutoka katika mazizi yao. Mpango wa kwanza ulikuwa hivi: Winston angeunda dinosaria wakubwa wa kimo kamili, naye fundi mwenzake Phil Tippett angetumia sanamu ndogo zinazosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, ili dinosaria waonekane wakitembea na kukimbia. Kumbe vijana wa kompyuta walikuwa wamejaribu yao. Mwelekezi Steven Spielberg alipoona majaribio yao, mpango wa sanamu ndogo ukatupiliwa mbali. Ufundi ambao Tippett aliujenga kwa miaka mingi ulikuwa umepitwa na wakati. Lakini hakufukuzwa. Alibakizwa awafundishe watu wa kompyuta jinsi mnyama anavyoinamisha shingo na jinsi uzito wake unavyotua mguuni, kwa sababu kompyuta haikuyajua hayo. Mwisho wa yote, yeye na Winston walikuwa miongoni mwa mafundi wanne waliopewa tuzo ya Oscar kwa sinema hiyo.

Winston naye aliunda dinosaria mla nyama mwenye urefu wa futi 40 hivi na uzito mkubwa. Aliendeshwa kwa mafuta yaliyosukumwa ndani ya mabomba, namna ile ile tingatinga linavyoinua mkono wake. Ngozi yake ilikuwa ya mpira laini kama sponji. Sasa, lile shambulio kubwa linatokea usiku kwenye mvua. Ile sponji ikanywa maji, jitu likawa zito kupita kiasi, likaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria! Ikabidi watu walipanguse kwa taulo kila baada ya muda kabla ya kuendelea. Si mchezo, bwana.

Katika sinema hiyo yote dinosaria huonekana kwa dakika zipatazo 15 tu, na sehemu ya kompyuta ni chini ya nusu yake. Jitu linapotembea mwili mzima, hiyo ni kompyuta. Linapoleta pua karibu na dirisha la gari, hiyo ni kazi ya mkono.

Kwa nini wagawane hivyo? Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme chama chetu kinataka kutengeneza sinema ya mvua ya mawe inayoangamiza chai. Barafu inayomgonga mchumaji mgongoni ni lazima iwe kitu cha kumgusa, kwa maana mwigizaji asiyeguswa na kitu hujikunyata kwa uongo, na mtazamaji huujua uongo huo mara moja. Lakini wingu jeusi linalofunika vilima vyote hadi msitu wa Mau, nani atalijenga kwa mbao? Hapo ndipo kompyuta inapofaa.

Winston alilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1993, yeye na mwelekezi James Cameron pamoja na Scott Ross walianzisha kampuni ya picha za kompyuta iitwayo Digital Domain. Kampuni hiyo ndiyo iliyoshughulikia Titanic ya mwaka 1997, kuhusu meli iliyozama mwaka 1912 na kuua watu zaidi ya 1,500. Winston hakuijenga meli ile ya sinema kwa mikono yake, lakini njia ilikuwa ile ile. Meli ya karibu kimo kamili ilijengwa ufuoni huko Rosarito, Mexico, na vielelezo vidogo vikatengenezwa. Kisha kompyuta ikaongeza bahari, watu kwenye sitaha na hata mvuke wa pumzi kwenye baridi.

Jina lake linagusa Kenya pia. Mwaka 1996 ilitoka The Ghost and the Darkness, kuhusu simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898. Ni reli ile ile iliyopita Londiani na Fort Ternan ikafika Kisumu mwaka 1901. Sinema ilipigwa Afrika Kusini kwa simba wa kweli, lakini pale ambapo simba wa kweli angemhatarisha mwigizaji, simba wa mitambo wa Winston walishika zamu.

Winston aliaga dunia tarehe 15 Juni 2008 akiwa na umri wa miaka 62, baada ya kuugua saratani kwa miaka saba. Mafundi wake wanne wakuu wakaanzisha karakana yao, Legacy Effects, na kazi ya mkono ikaendelea.

Haki lazima isemwe, ndugu msomaji. Winston alikuwa mwenye karakana; aliweza kuchagua mashine ifanye nini. Mchumaji wa chai hapewi nafasi hiyo. Anaamka asubuhi na kuikuta mashine imekwisha kufika. Kwa hiyo kumwambia tu ajifunze kuizoea ni kumdhihaki. Ninachokiona katika maisha ya mzee huyu ni kwamba mashine na mkono viliweza kuishi pamoja pale ambapo wenye mikono waliitwa mezani, wakaulizwa kazi ipi ibaki yao, na ujuzi wao ukathaminiwa. Phil Tippett aliitwa. Je, yule anayejua kwa ncha ya kidole majani mawili na chipukizi yaliyo tayari, nani amemwita?

Nawaachia swali hilo, walimu na wanafunzi wenzangu. Alamsiki.